Wikendi ya kupiga picha Lisbon, na dhahabu ya Kilwa

Lisbon uanze na viatu. Njia za waendao kwa miguu katika mji ule zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja, na nyayo za miaka mingi zimevisugua hadi vinang'aa. Vikipata manyunyu tu vinateleza kama kambale. Binamu yangu aliangushwa navyo Ijumaa usiku, mabegi hatujayafungua bado, na kiganja chake cha kushoto kiliuma mpaka siku ya kuondoka. Alikuwa amevaa raba nyeupe nzuri kweli, kwa ajili ya picha. Wewe beba viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Viwe vibaya kiasi gani, kwenye picha nani ataviona?

Mimi naishi Hamburg, nafanya uuguzi kwa zamu. Yeye yuko Brussels. Kupata wikendi ambayo sote wawili hatuko kazini ni bahati, na tulipoipata moja mwezi wa kumi, mimi nilitaka Lisbon kwa ajili ya mwanga. Mwezi huo jua linachomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama kwenye saa moja jioni, kwa hiyo mpiga picha anapata mwanga mzuri wa pande zote mbili bila kuamka usiku wa manane kama mwezi wa sita. Binamu yeye alisoma historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sababu yake ilikuwa nyingine. "Dada, pale pana kaburi la Vasco da Gama," aliniambia kwenye simu. "Nina mawili matatu ya kumwambia."

Kuhusu karatasi: sisi wenye vibali vya kuishi nchi za Schengen hatuhitaji viza, lakini beba pasipoti pamoja na kibali, vyote viwili, maana mara nyingine wanaviuliza hata kwenye ndege za ndani ya Ulaya. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya ajue kwamba kibali chake cha Uingereza hakimvushi. Anahitaji viza ya Schengen, na miadi ya ubalozini haipatikani wiki mbili kabla ya safari.

Kutoka uwanja wa ndege treni ya chini ya ardhi inafika mpaka mjini. Unapanda laini nyekundu, unabadili Alameda kwenda laini ya kijani, unashuka Rossio au Martim Moniz. Kadi ya karatasi ya kusafiria inauzwa senti 50 na kila mtu lazima awe na yake, wawili hawaingii kwa kadi moja. Usiitupe, unaijaza tena, na inafanya kazi kwenye mabasi na tramu pia. Ukimlipa dereva wa tramu taslimu utatoa zaidi ya euro 3 kwa safari moja, karibu mara mbili ya nauli ya kadi.

Chumba tulikuwa tumekodi Alfama, mtaa wa zamani chini ya ngome ya São Jorge. Mwenye nyumba aliandika "dakika kumi kutoka kituoni". Alisema kweli. Hakusema tu kwamba dakika hizo zote ni ngazi, halafu ndani ya nyumba kuna ngazi nyingine za mbao zilizosimama wima mpaka ghorofa ya nne. Begi la magurudumu pale ni adhabu: magurudumu yanapiga kelele kwenye mawe, majirani wanafungua madirisha kukutazama. Kabla hujalipia chumba Alfama, Graça au Bairro Alto, uliza maswali mawili: ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Na ujue kuna kodi ya mji ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mwanzo.

Pamoja na hayo, sikujuta kulala Alfama. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga Lisbon watu wakiwa makanisani, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Mji wa chini, Baixa, uliteketea, na waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, akaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake vimebaki kama vilivyokuwa. Kwa kamera hiyo ni miji miwili tofauti. Baixa mwanga unaingia moja kwa moja na kukaa. Alfama jua linaupata ukuta mmoja kwa dakika chache, linahama, na ukichelewa mpaka kesho. Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapata tabu: zima ramani ya simu, fuata mteremko, mwisho utatokea mtoni.

Jumamosi tulikuwa Portas do Sol, kiwanja cha kutazamia mji, kabla ya jua. Kutoka nyumbani ni kupanda tu. Pale mbele yako unaona mapaa mekundu yakishuka mpaka mto Tejo, kanisa la São Vicente de Fora upande wa kushoto, na kuba jeupe la Santa Engrácia. Kuba hilo lina kisa: ujenzi wa kanisa ulianza karne ya 17 ukakamilika mwaka 1966, mpaka leo Wareno kazi isiyokwisha wanaiita kazi ya Santa Engrácia. Tulikuwa watu wachache tu, mzee mmoja na mbwa wake, vijana ambao ni dhahiri hawakuwa wamelala. Jua lilipotoka mtoni, kuba liliwaka kwanza, mapaa yakafuata, na kwa kama robo saa sikuondoa jicho kwenye kamera. Kufikia saa tatu ungedhani ni mahali pengine kabisa. Watu wamejaa ukingoni, kila mmoja na kijiti cha simu.

Kwa hiyo kama una siku mbili tu, asubuhi ndiyo mali yako. Ratiba zilizojaa vivutio kumi na tano kwa siku zinakupeleka sehemu nzuri saa mbaya.

Kutoka pale tukashuka Campo de Santa Clara, nyuma ya São Vicente, ambako kila Jumanne na Jumamosi kuna soko la vitu vya mitumba liitwalo Feira da Ladra. Vigae vya zamani vinauzwa pale. Usinunue. Vingi vimebanduliwa kwenye kuta za nyumba za watu, na serikali imeshaweka sheria ya kuvilinda. Vipige picha ukutani vilipo.

Sasa tramu namba 28. Kila mtu atakwambia uipande, ile ya njano ya mbao, kutoka Martim Moniz. Tulikuta foleni imezunguka bustani, tramu zinakuja zimeshajaa, na ndani watu wamebanana wasiweze kuona dirisha. Tulipanda moja. Wakati wa kona kali nikahisi zipu ya begi langu ikisogea, nikaweka mkono juu, na kijana aliyesimama nyuma yangu akashuka kituo kilichofuata bila haraka yoyote. Vibaka wa laini ile ni mafundi. Kamera iwe kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma. Na kwa picha, kuwa ndani hakuna faida: tramu inapendeza ukiwa nje. Simama Rua das Escolas Gerais, mtaa ni mwembamba kiasi kwamba watu wanajibanza milangoni ili tramu ipite, au kona ya mbele ya kanisa kuu, Sé, ambapo inateremka na ukuta wa jiwe nyuma yake. Ukitaka kuipanda kwa starehe, anzia upande wa pili, Campo de Ourique, asubuhi na mapema.

Jambo la kupiga picha watu lilinisumbua zaidi ya vibaka. Alfama na Mouraria ni mitaa ya wazee wanaoanika nguo dirishani na kuzungumza na jirani wa dirisha la pili, na watalii wanawapiga picha kana kwamba wamewekwa pale kwa ajili hiyo. Niliona bibi mmoja akivuta pazia kwa hasira. Mimi nyumbani nimelelewa kuamkia kwanza, basi nikafanya hivyohivyo: "Bom dia", nainua kamera kidogo, nauliza "Posso?" Baadhi walikataa, nikashukuru nikapita. Waliokubali walinipa dakika tano ambazo nisingezipata kwa kuiba picha. Kama unataka kuona kazi iliyofanywa kwa heshima, pita Beco das Farinhas kule Mouraria. Mpiga picha Camilla Watson, Mwingereza aliyehamia mtaa huo, amechapisha picha za wazee wa hapo moja kwa moja kwenye kuta za nyumba zao. Unatazama sura ukutani, halafu mwenye sura anatoka na kapu kwenda dukani.

Mchana, kuanzia saa tano mpaka saa tisa, kuta nyeupe zinaumiza macho na picha zinatoka bapa. Muda huo tuliupeleka ndani. Kwanza Convento do Carmo, kanisa ambalo paa lake lilianguka siku ya tetemeko na halikurudishwa tena. Matao yamebaki wazi chini ya mbingu, na jua la utosini linayachora chini kwenye majani. Limefungwa Jumapili, kwa hiyo lipangie Jumamosi. Jirani yake kuna lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902, tuliyoikuta na foleni ndefu ya kwenda juu. Ukiwa Largo do Carmo tayari uko juu, tembea tu mpaka kwenye kivuko chake.

Lakini nilikokaa muda mrefu ni São Domingos, kanisa lililo hatua chache kutoka Rossio. Nje ni la kawaida. Ndani, mwaka 1959, liliungua, na lilipofunguliwa tena hawakufuta makovu. Nguzo zimepasuka na kumeguka, jiwe limegeuka rangi ya matofali, mahali pengine jeusi, na dari limepakwa rangi nyekundu iliyofifia. Ukiweka mkono karibu na nguzo unaona tabaka zilizobanduka kwa joto, kingo zake kali. Mwanga ni hafifu, na vitu vya kuwekea kamera havitakiwi ndani ya makanisa na majumba ya makumbusho, kwa hiyo niliegemea ukuta, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na kushusha pumzi. Kulikuwa na watu wanasali, sauti ya kamera nikaizima.

Nje ya mlango kuna kiwanja, na kiwanjani kuna Waafrika. Wengi wanatoka Guinea-Bissau, wanakutana hapo kila siku, akina mama wanauza vitu vidogo, wanaume wamesimama wanajadiliana. Si jambo la jana. Karne nyingi zilizopita undugu wa Wakristo weusi, wa Bikira Maria wa Rozari, ulikuwa na makao yake katika kanisa hilohilo. Hapohapo kuna mnara mdogo wa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini mwaka 1506. Binamu aliamkia kundi moja kwa Kifaransa, akajibiwa, akapotea kwenye mazungumzo kwa muda mrefu. Mimi pale sikupiga picha hata moja.

Chakula, kwa ufupi. Ukikaa mezani utaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi, kila kitu utakachogusa kitaingia kwenye bili. Sema "não, obrigada" (mwanamume "obrigado") na watavirudisha, hawakasiriki. Kwa anayetafuta halali, Rua do Benformoso karibu na Martim Moniz imejaa migahawa ya Wabangladeshi, na tulikula wali na mbuzi kwa bei isiyofika nusu ya tuliyolipa Ijumaa pale Alfama kwa dagaa wakubwa wanne wa kuchoma na muziki wa fado ambao hatukuuomba. Jioni tulipanda Senhora do Monte kuona jua likizama nyuma ya ngome na daraja la 25 de Abril. Pazuri, pamejaa, fika saa moja kabla.

Jumapili tulikwenda Belém, mtaa wa kando ya mto, kwa tramu 15E gizagiza, na hapo ndipo ratiba yetu ilipopinduka kwa heri. Mnara wa Wavumbuzi, Padrão dos Descobrimentos, una urefu wa zaidi ya mita 50. Ulijengwa kwa zege na kuzinduliwa 1960, wakati wa utawala wa dikteta Salazar, na una umbo la merikebu inayoelekea mtoni ikiwa imebeba mabaharia wa jiwe. Upande wa mashariki ndiko aliko Vasco da Gama, kwa hiyo jua la asubuhi linampiga yeye usoni. Nilipata picha zangu. Tulipofika monasteri ya Jerónimos kuona kaburi, kulikuwa na misa, na misa ikiendelea watalii hawazunguki. Kwenye foleni ya uwanja wa ndani wa monasteri, ambao una mlango mwingine, watu walishafika kona. Walikuwepo waliosoma mahali kwamba Jumapili ni bure. Siku hizi bure ni ya wakazi wa Ureno tu, wengine mnalipa, na tiketi nunua mtandaoni mapema.

Badala ya kusimama tukarudi na tramu ileile mpaka jirani na Rua das Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Yanafunguliwa saa nne asubuhi, Jumatatu yamefungwa. Watu walikuwa wachache mno. Kuna mchoro wa Hieronymus Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antonio, wenye mazimwi ya kukutia homa, na kuna viwambo vya kukunja vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno wenye pua ndefu na suruali pana wakishuka melini. Tulivipita. Binamu alikuwa akitafuta kitu kimoja.

Ni monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, chote cha dhahabu na rangi za enameli, kirefu kuzidi sentimita 70. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka pale hostia, mkate mtakatifu, inapokaa, kila mmoja na sura yake, na juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Ukikanyaga sakafu kwa kishindo, njiwa anatikisika kidogo. Inasemekana aliyekitengeneza ni sonara Gil Vicente. Kilikamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na hayo si ya kuambiwa, yameandikwa kuzunguka tako lake kwa herufi za enameli: kwamba mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa.

Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, alipe kodi kwa dhahabu, na mwaka uliofuata dhahabu hiyo ikafika Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi kubwa zaidi, akauteka mji. Mimi Kilwa Kisiwani nilikwenda nikiwa sekondari, tukavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko, tukaonyeshwa msikiti mkuu na kuta za Husuni Kubwa zilizobomoka, mwalimu akasema dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita hapa. Tuliandika kwenye madaftari, tukafaulu mtihani. Sikuwahi kujiuliza dhahabu yenyewe iko wapi. Sasa ilikuwa mbele yangu nyuma ya kioo, nami nikaona fahari na hasira vikija pamoja, visitake kutengana. Ni kitu kizuri mno, ndilo tatizo.

Kukipiga picha: vaa nguo nyeusi, kwa kuwa shati jeupe linajiona lenyewe kwenye kioo. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, flashi marufuku, na zunguka taratibu mpaka taa za dari zitoke kwenye fremu. Maandishi yanazunguka tako, hayatoshi picha moja. Jina la Quiloa nililipata baada ya kuchuchumaa, mlinzi akinitazama kwa wasiwasi.

Mchana tulirudi Jerónimos. Kanisani huingii kwa tiketi ya uwanja wa ndani, mlango wake ni tofauti. Kaburi liko karibu na mlango, Vasco da Gama wa jiwe amelala chali, mikono imekutanishwa kwa sala, na mbele yake ng'ambo ya pili amelala mshairi Camões. Jengo lenyewe lilijengwa kwa sehemu kutokana na ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki, na monstransi tuliyotoka kuitazama ilitengenezwa kwa ajili ya hapohapo. Watu walikuwa wakipanga foleni ya kupiga selfi. Binamu alisubiri zamu yake, akainama kidogo kama mtu anayedai deni kwa mkubwa wake. "Bwana," akasema, "mzigo wetu tumeuona." Akatoka.

Ndege zetu zilikuwa usiku. Tulikuwa na muda, tukashuka kituo cha Oriente, alichokisanifu Santiago Calatrava na kufunguliwa 1998, paa la chuma na kioo lililosimama kama msitu, na ukiwa huna nafasi ya kitu kingine wikendi hiyo, nusu saa kwenye majukwaa ya treni inatosha kupata picha za mistari na vivuli. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la maduka liitwalo Vasco da Gama, na kaskazini yake daraja refu liitwalo Vasco da Gama. "Huyu mtu anatusindikiza," binamu akasema. Sintra, mji wa vilimani nje ya Lisbon, tuliiacha, japo kila mwongozo unasema ni nusu siku. Nusu siku hiyo ni pamoja na treni, basi la kupanda kilima na foleni, na kwa wikendi moja ungepoteza makumbusho. Kutoka Oriente mpaka uwanja wa ndege ni vituo vitatu tu, lakini foleni ya ukaguzi Jumapili jioni ni ndefu, kwa hiyo tuliondoka mapema. Memori kadi yenye picha za makumbusho niliitoa kwenye kamera nikaiweka kwenye pochi ya pasipoti. Begi likipotea, lipotee bila hiyo.